Tom Kilburn, aliyeifanya kumbukumbu ndogo ionekane kubwa

Kompyuta kuukuu ya nyumbani au ya ofisi ya shule ina tabia moja. Unafungua barua, unafungua picha, unafungua na intaneti, kisha inakuandikia kwamba kumbukumbu pepe imepungua. Wengi hudhani imekufa. Haijafa. Ujumbe huo unatokana na kazi iliyofanyika mjini Manchester, Uingereza, zaidi ya miaka 60 iliyopita, na aliyeiongoza ni Tom Kilburn.

Kilburn alizaliwa tarehe 11 Agosti 1921 huko Dewsbury, mji wa viwanda vya sufu kaskazini mwa Uingereza. Alisoma hesabu Cambridge, akamaliza mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto. Serikali ilimpeleka Malvern kwenye kazi za rada, chini ya mhandisi Freddie Williams. Williams alihitaji mtu mzoefu. Akaletewa kijana wa miaka 21 aliyefundishwa elektroniki harakaharaka. Hata hivyo, wawili hao walifanya kazi pamoja kwa miaka mingi.

Mwishoni mwa 1946 walihamia Manchester. Watu walijua jinsi ya kuifanya mashine ipige hesabu, lakini itunze wapi namba zake inapohesabu? Williams na Kilburn walitumia kioo cha aina iliyokuwa kwenye televisheni za zamani, wakiweka juu yake vidoa vidogo vya umeme. Vidoa hivyo vilififia upesi, kwa hiyo mashine ilivisoma na kuviandika upya bila kupumzika.

Tarehe 21 Juni 1948 mashine yao ndogo, iliyoitwa Baby, iliendesha programu ya Kilburn yenye maagizo 17. Ilitafuta kwa dakika 52 namba kubwa kuliko zote inayoigawa 262,144 bila kubakiza, ukiacha yenyewe. Kumbukumbu yake nzima ilikuwa tarakimu 1,024 za sifuri na moja. Meseji moja ya simu yenye herufi 160 isingeenea humo.

Baby ndiyo inayotajwa zaidi, lakini kwetu sisi kazi kubwa ya Kilburn ni ile iliyofuata. Kumbukumbu ya kasi ilikuwa ghali mno. Ya bei nafuu, pipa la sumaku linalozunguka, ilikuwa na nafasi kubwa lakini ilichelewa mara elfu kadhaa. Ni kama duka lenye rafu fupi mbele na stoo kubwa nyuma. Kila aliyeandika programu alilazimika kupanga mwenyewe kipi kitoke stoo na kipi kirudi, na akikosea hesabu yote iliharibika. Watu walipoteza siku nyingi katika kazi hiyo.

Kilburn na wenzake, akiwemo Dai Edwards na Frank Sumner, walitaka mashine ibebe mzigo huo yenyewe. Kompyuta yao, Atlas, ilizinduliwa tarehe 7 Desemba 1962. Ilikuwa na nafasi 16,384 za kasi na 98,304 kwenye pipa, zote zimegawanywa katika kurasa za nafasi 512. Mwandishi wa programu aliona kumbukumbu moja kubwa. Akihitaji ukurasa uliokuwa stoo, mashine ilisimamisha kazi, ikauleta, ikamtaka mwingine upishe. Upi? Atlas iliangalia jinsi kurasa zilivyotumika ikakisia upi hautahitajika karibuni.

Wengi hawakuamini kwamba mashine ingepanga vizuri kuliko mtu. Ubishi uliendelea hadi 1969, watafiti wa IBM walipopima na kuona kwamba inapanga vizuri zaidi.

Kompyuta yako kuukuu inafanya hayohayo. Pipa limekuwa diski. Katika Windows za zamani kuna mahali pa kuweka kipimo cha kuanzia na cha juu kabisa cha kumbukumbu pepe. Desturi ilikuwa kuanzia mara moja na nusu ya RAM na kuishia mara tatu: mwenye RAM ya megabaiti 512 aliweka 768 hadi 1,536. Ni salama zaidi kuiachia mashine ijipangie, mradi diski isijae. Usiizime kabisa ili kuokoa nafasi, maana programu zitaanza kufa mikononi mwako. Wala usitegemee kwamba kuiongeza kutaleta kasi. Taa ya diski ikiwaka bila kuzima, mashine inashinda ikikimbia kati ya rafu na stoo. Funga baadhi ya programu, au uongeze RAM yenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa simu zinazojitangaza kuwa na RAM ya ziada iliyoazimwa kutoka sehemu ya kuhifadhia picha.

Mwaka 1964 Kilburn alianzisha idara ya sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Manchester, ya kwanza Uingereza. Alistaafu 1981, mwaka uleule aliofiwa na mkewe, Irene, waliyeoana tangu 1943. Mwaka 1998, Baby ilipotimiza miaka 50, mafundi walikuwa wameijenga upya mjini humo, na ikafanya kazi. Kilburn alifariki huko Manchester tarehe 17 Januari 2001, akiwa na miaka 79.