Edward Saidi Tingatinga: Miaka Minne ya Rangi

Mpita njia afikaye hapa Ruti, kando ya mji wa Mbarara, hukuta mafundi wakipamba kuta za maduka kwa picha na maandishi ya rangi ing'aayo. Wengi wao hawakupita chuo chochote cha sanaa. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa tuwasimulie wasomaji wetu maisha ya marehemu mmoja aliyeanza katika hali kama yao, akaacha jina lisilofutika.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanzania, katika jamaa ya wakulima. Masomo aliyapata kwa uchache. Alipokuwa kijana aliondoka kwao, kama wengi wa rika lake, akaenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Kutoka huko alihamia Dar es Salaam, akawa mtunza bustani nyumbani kwa ofisa wa Kiingereza. Kazi hiyo ilipokwisha alihangaika na vibarua vya kila namna, hata akauza matunda na mboga ili apate riziki.

Mwaka 1968, akiwa amekaribia umri wa miaka 40, ndipo alipoanza uchoraji. Inasimuliwa kwamba alivutiwa na picha za wachoraji wa Kongo zilizokuwa zikiuzwa mjini, akajiona kuwa naye aweza. Ndugu zetu Wakongo walioko Nakivale na wajue kwamba mkono wa kwao umo katika jambo hili.

Turubai na rangi za wasomi hakuwa nazo. Alichukua mbao nyembamba za dari, akazikata vipande vya mraba vya futi 2 kwa 2, akapaka rangi ya mafuta ipakwayo baiskeli. Katikati aliweka mnyama mmoja, chui au ndovu au ndege, juu ya uwanja wa rangi moja tu. Baadaye alichora pia watu na maisha ya kijijini. Picha ziliuzwa karibu na Morogoro Stores, Oyster Bay, na wanunuzi wengi walikuwa wageni. Kazi ilipozidi aliwafundisha jamaa na rafiki zake, wakiwamo Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo na Simon Mpata.

Katika miaka hiyo hiyo, huko Ulaya, mzee Pablo Picasso wa Hispania alikuwa angali akichora. Yeye alizaliwa mwaka 1881 akafariki mwaka 1973, na katika umri huo mrefu aliweza kuacha mtindo mmoja na kushika mwingine mara nyingi. Hata vinyago vya Afrika vilimfungua macho. Tingatinga alipewa miaka minne tu.

Mwaka 1972, jijini Dar es Salaam, polisi waliokuwa wakisaka wahalifu walimpiga risasi wakimdhania kuwa mmoja wao. Hakuwa na hatia. Sisi tuliovaa sare hatuwezi kuipita habari hii kimya. Katika chuo cha makadeti tulifundishwa kumtambua mtu kwanza, ndipo kuelekeza bunduki, na kanuni hiyo ina uzito zaidi usiku na penye haraka, kwa maana risasi ikishatoka hairudi. Aliyeanguka siku ile alikuwa baba wa watoto, mwalimu wa vijana, na mwanzilishi wa sanaa ambayo hakuna ajuaye ingalifika wapi mikononi mwake.

Mabadiliko ambayo hakuyawahi mwenyewe yaliletwa na wanafunzi wake. Walijaza uwanja aliouacha mtupu kwa makundi ya wanyama, masoko, hospitali na mashetani wa hadithi. Mpata aliupeleka mtindo Nairobi. Mwaka 1990 wachoraji wa Dar es Salaam waliunda chama cha ushirika chenye jina la mwalimu wao, na sasa neno tingatinga ni jina la mtindo wenyewe, ujulikanao hata Japani na Ulaya.

Kwa hiyo, vijana wa Ruti na Nakivale, msingoje vifaa vya thamani. Kipande cha ubao na kopo la rangi vilimtosha Tingatinga. Nasi tuliokabidhiwa silaha, tutazame mara mbili.