Mwalimu na Uso wa Mwanafunzi: Mafunzo Kutoka Maisha ya Charles Darwin

Wanachuo wetu wanapotoka hapa Hanga kwenda mazoezi ya kufundisha katika shule za vijiji vya jirani, hubeba andalio la somo, chaki na zana walizotengeneza kwa mikono yao. Kuna chombo kimoja cha kufundishia ambacho hawakiandiki katika andalio, ingawa kila mtoto hukitazama tangu mwalimu anapoingia mlangoni. Chombo hicho ni uso. Watoto huusoma uso wa mwalimu kabla ya kusoma ubaoni, na mwalimu naye hana budi kuzisoma nyuso zao. Je, anazisoma sawasawa?

Katika makala hii tunapenda kueleza habari za mtu aliyejiuliza swali la namna hiyo kwa zaidi ya miaka 30. Charles Darwin anajulikana duniani kote kwa nadharia yake ya mabadiliko ya viumbe. Ni wachache wanaofahamu kwamba alikuwa pia mchunguzi mkubwa wa uso wa binadamu.

Darwin alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika mji wa Shrewsbury, Uingereza. Mama yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka 8. Mwaka 1825 alipelekwa Edinburgh kusomea udaktari kama baba yake. Huko alishuhudia mtoto akipasuliwa, katika zama ambazo dawa ya usingizi ilikuwa haijapatikana, akatoka mbio kabla kazi haijamalizika. Katika mji huohuo alifundishwa ufundi wa kuhifadhi ndege waliokufa na John Edmonstone, mtu mweusi aliyepata kuwa mtumwa huko Guyana. Darwin alimkumbuka mwalimu huyo kwa wema na akili zake.

Mwishoni mwa mwaka 1831 alianza safari ya kuizunguka dunia katika meli iitwayo Beagle, safari iliyochukua karibu miaka 5. Mwaka 1832 walifika Brazil, nchi ambayo utumwa ulikuwa bado halali. Siku moja alikuwa akivuka mto kwa kivuko pamoja na mtu mmoja mweusi. Darwin alimwona mtu yule kuwa mzito wa kuelewa, kwa hiyo akapaza sauti na kumwonyesha kwa ishara za mikono. Katika kufanya hivyo mkono wake ukapita karibu na uso wa mwenzake. Mara moja yule mtu, ijapokuwa alikuwa na mwili mkubwa wenye nguvu, alishikwa na hofu usoni, akafumba macho nusu na kuishusha mikono yake, kana kwamba anangoja kofi asilothubutu kulikinga. Darwin aliingiwa na aibu kubwa, na hakuisahau siku ile.

Tunaomba mwanachuo asimame kidogo hapo. Mzungumzaji hakuwa na hasira. Alitaka tu kueleweka. Aliyezungumziwa hakusikia maneno yake, bali aliona mkono, na uso wake ukatoa jibu ambalo maisha ya utumwa yalikuwa yamemfundisha.

Sisi nasi hatuna budi kukiri jambo. Miaka michache kabla ya kuja chuoni, tulikuwa tukifundisha darasa la tatu, tukainua rula ili kuonyesha mto Ruvuma katika ramani. Mtoto wa dawati la mbele alifumba macho na kuinamisha shingo. Tuliendelea na somo. Tuliposoma baadaye habari za kivuko kile cha Brazil, ndipo tulipomkumbuka mtoto yule, ambaye katika muhula mzima hakunyosha mkono hata mara moja. Tulikuwa tumemhesabu miongoni mwa wazito.

Darwin alirejea Uingereza mwaka 1836. Mwaka 1838 alikwenda katika bustani ya wanyama ya London kumtazama Jenny, orangutangu, akaona jinsi mnyama yule alivyonuna na kugaragara kama mtoto aliyenyimwa kitu. Mwaka 1839 alimwoa Emma Wedgwood, na mwishoni mwa mwaka huohuo alizaliwa mtoto wao wa kwanza, William. Darwin alianza kuandika mambo yote aliyoyaona katika uso wa mtoto huyo. William alipokuwa na umri wa miezi 6 na siku chache, yaya wake alijisingizia kulia. Papo hapo uso wa mtoto uliingia huzuni, na pembe za mdomo wake zikashuka. Mtoto huyo hakuwa bado na neno hata moja, lakini uso wa mwenziwe ulimfikia.

Mwaka 1867 Darwin alichapa orodha ya maswali na kuipeleka kwa wamisionari, wafanyabiashara na maofisa katika nchi nyingi. Je, watu wa huko wakistaajabu hupanua macho na kuinua nyusi? Je, hutikisa kichwa wanapokataa? Aliwasihi wasitegemee kumbukumbu, bali waandike walichokiona kwa macho. Alipata majibu 36. Miongoni mwa walioandika alikuwamo Mwafrika, Christian Gaika, ndugu wa Sandile, mtawala wa Waxhosa huko kusini mwa Afrika, ambaye alieleza mwenyewe, kwa mkono wake, ishara za watu wake. Jambo hili latuhusu hapa Ruvuma, kwani watawala wa Wangoni walitoka kusini huko katika karne ya 19, na lugha ya asili yao ina udugu na Kixhosa.

Kutoka Uhabeshi alipata habari nyingine kwa Kapteni Speedy, aliyeishi huko muda mrefu. Wahabeshi, wakikubali, hurusha kichwa nyuma na kuinua nyusi mara moja; wakikataa, hupeleka kichwa kwenye bega la kulia na kualika ulimi. Hivyo Darwin alifikia uamuzi wenye pande mbili. Furaha, huzuni, hofu na hasira aliona kuwa hujitokeza kwa namna moja kwa binadamu wote; lakini ishara kama za kukubali na kukataa aliona kuwa si zilezile kila mahali.

Kitabu chake juu ya mambo haya kilitoka mwaka 1872, kikiwa na picha za kamera, jambo lililokuwa geni katika vitabu vya siku zile. Baadhi ya picha hizo zilikuwa za Duchenne, daktari wa Ufaransa. Darwin aliwaonyesha picha za Duchenne watu zaidi ya 20 bila kuwapa maelezo, akawauliza kila moja yaonyesha nini. Kwa baadhi ya picha walikubaliana. Kwa nyingine walipingana kabisa. Darwin alitambua kwamba yeye mwenyewe, alipoyasoma maelezo kwanza, aliona kile alichoambiwa akione.

Yatupasa kusema pia kwamba Darwin alikuwa mtu wa zama zake, na aliyaita baadhi ya mataifa kwa majina ya dharau. Aidha, wataalamu wa leo hawajamaliza ubishi. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa visiwa vya Trobriand, ambako uso ambao wengine huuita wa hofu ulionekana kuwa wa vitisho.

Darwin alifariki tarehe 19 Aprili 1882, akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey mjini London.

Mwanachuo atajifunza nini? Wahenga walisema uso umeumbwa na haya. Mtoto wa vijiji vyetu anayeinamisha macho mbele ya mkubwa aghalabu anaonyesha adabu, wala si hatia. Anayetabasamu anapokaripiwa huenda anaficha woga, wala hakusudii dharau. Mwalimu aliyekwisha kusema moyoni kwamba mtoto ni mkaidi atauona ukaidi katika kila uso atakaoletewa.

Basi, katika mazoezi yajayo, kila siku mwanachuo na achague uso mmoja uliomtatiza, aandike pembeni mwa andalio la somo alichokiona, pamoja na kile alichokuwa akifanya yeye mwenyewe dakika ile: sauti yake, mkono wake, uso wake. Asingoje jioni, maana kumbukumbu hudanganya. Kisha, kabla ya kuamua, amwite mtoto kwa upole na kumwuliza. Mtoto tuliyemweleza hapo juu hatukumwuliza, na muhula ulikwisha.