Jacques Cousteau: Gwiji wa bahari aliyeponea chupuchupu katika maji baridi

JINA la Jacques-Yves Cousteau huambatana na bahari. Kwa filamu, vitabu na vipindi vya televisheni, Mfaransa huyo aliwaonesha mamilioni ya watu maisha yaliyofichika chini ya mawimbi. Hata hivyo, kifaa kilichompatia umaarufu kilijaribiwa kwanza mtoni, na nusura kifaa hicho hicho kimtoe roho katika chemchemi ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi.

Cousteau alizaliwa Juni 11, 1910 katika mji mdogo wa Saint-André-de-Cubzac, kusini magharibi mwa Ufaransa. Mwaka 1930 alijiunga na chuo cha jeshi la majini mjini Brest, na baadaye akaanza mafunzo ya urubani. Ajali mbaya ya gari ya mwaka 1936 ilimvunja mikono na kuizima ndoto hiyo.

Akawa anaogelea mjini Toulon ili kurejesha nguvu za mikono. Ofisa mwenzake, Philippe Tailliez, alimpa miwani ya majini. Alipoinamisha uso na kuona yaliyokuwamo chini, akawa ameipata kazi ya maisha yake.

Wazamiaji wengi wa wakati huo walivaa suti nzito na kupelekewa hewa kwa mpira kutoka juu. Cousteau alitaka kuwa huru kama samaki. Alikutana mjini Paris na mhandisi wa kampuni ya Air Liquide, Émile Gagnan, aliyekuwa ametengeneza vali ndogo ya kuwezesha magari kutumia gesi, kwa kuwa petroli ilikuwa adimu wakati wa vita. Vali hiyo waliigeuza impe mzamiaji hewa pale tu anapovuta pumzi, kwa shinikizo linalolingana na la maji yanayomzunguka.

Januari 1943 Cousteau alikwenda kuijaribu katika Mto Marne, karibu na Paris. Alipolala kifudifudi, alipumua vizuri. Aliposimama, hewa ilivuja ovyo; alipopinduka kichwa chini, ikawa ngumu kuvutika. Waligundua kuwa tundu la kutolea pumzi na vali ya kuingizia hewa havikuwa katika usawa mmoja. Waliviweka pamoja, na kifaa kikafanya kazi. Kiangazi cha mwaka huo kilizamishwa katika Bahari ya Mediterania kwa mafanikio.

Mtihani mkubwa ulikuja Agosti 27, 1946 katika Chemchemi ya Vaucluse, kusini mwa Ufaransa. Kila mwaka chemchemi hiyo hufurika kwa nguvu, na kina chake kilikuwa fumbo la karne nyingi. Cousteau na rafiki yake, Frédéric Dumas, walishuka ndani ya shimo hilo lenye giza, huku Maurice Fargues akibaki juu na kamba ya kuwavutia.

Walipofika takriban meta 46, akili zao zilivurugika kuliko ilivyo kawaida katika kina hicho. Dumas alizidiwa na kupoteza fahamu. Cousteau aliivuta kamba kuomba msaada, lakini Fargues alidhani wanataka kushuka zaidi, akawaachia kamba nyingine. Baadaye aliingiwa na wasiwasi, akawavuta wote wawili hadi juu wakiwa hai.

Uchunguzi ulibaini kuwa chanzo kilikuwa ndani ya mitungi yao. Mashine iliyojaza hewa ilikuwa imevuta moshi wa injini yake yenyewe, hivyo wazamiaji hao walikuwa wakivuta gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi. Kina cha chemchemi hiyo kilikuja kujulikana mwaka 1985, pale chombo kisicho na mtu kilipogusa sakafu yake katika meta 308.

Fargues, aliyeokoa maisha ya wenzake, hakuishi muda mrefu. Mwaka 1947, akijaribu kuvunja rekodi karibu na Toulon, alifika meta 120 na kupoteza maisha.

Mwaka 1956 filamu ya Cousteau, Le Monde du silence, ilitwaa tuzo kuu ya tamasha la Cannes. Ndani yake samaki wanauawa kwa baruti ili wahesabiwe, jambo linalomtia doa hadi leo, ingawa baadaye aligeuka kuwa mtetezi mkubwa wa mazingira.

Mwaka 1968 alirejea katika maji baridi. Alipeleka nyambizi ndogo katika Ziwa Titicaca, lililoko kati ya Peru na Bolivia, zaidi ya meta 3,800 juu ya usawa wa bahari. Hazina ya dhahabu inayosimuliwa katika hadithi za kale haikuonekana. Walikutana na vyura wakubwa wenye ngozi ya mikunjo, ambao huvuta oksijeni ya majini kupitia ngozi hiyo. Leo vyura hao wamo katika hatari ya kutoweka.

Misiba haikumwacha. Mwanawe, Philippe, alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1979 nchini Ureno. Mkewe, Simone, akafuata mwaka 1990. Januari 1996 meli yake, Calypso, iligongwa na kuzama bandarini Singapore. Cousteau mwenyewe alifariki dunia Juni 25, 1997 mjini Paris, akiwa na miaka 87.

Vifaa vilivyotokana na jaribio la Mto Marne sasa hutumika duniani kote, yakiwamo maziwa ya Tanganyika na Nyasa, ambako watafiti huzamia kuchunguza samaki wake. Funzo la Vaucluse nalo lingali hai: kabla ya kujaza mtungi, mzamiaji makini huangalia kwanza moshi wa injini unaelekea wapi.