Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui na Magazeti Yake

Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka wa 1891, katika ukoo uliotawala mji huo hata mwaka wa 1837, ulipoondolewa na Sayyid Said bin Sultan. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdalla, mwanachuoni mkubwa, alifariki mwanawe angali mdogo. Basi akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali. Kisha alivuka kwenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdalla Bakathir. Mwenye kupata masheikh kama hao hana haja ya kutafuta jina tena. Angaliweza kukaa akadarisisha, na watu wakambusu mkono mpaka mwisho wa umri wake.

Lakini alikuwa akisoma al-Manar, jarida la Sayyid Muhammad Rashid Rida lililoanza kutoka Misri mwaka wa 1898, akaona kwamba karatasi yafika pasipofika darasa. Mwaka wa 1930 akaanzisha Sahifa. Ilikuwa karatasi ndogo, nayo ilikuwa ya Kiswahili, na hilo ndilo jambo kubwa. Kwani vitabu vya ilimu vilikuwa vya Kiarabu, na baharia au mwenye duka aliyapata yaliyomo kwa kusimuliwa tu. Sasa aliweza kusoma mwenyewe, na kubisha mwenyewe akitaka.

Na wa kubisha hawakukosekana, maana aliyoyaandika hayakuwa matamu. Aliwalaumu Waislamu kwa kuiga desturi za Wazungu katika mavazi na starehe, na kuacha kuiga bidii yao katika ilimu na kazi. Aliwalaumu kwa kumwaga mali katika harusi na matanga. Alitaka watoto wa kike wasomeshwe. Akayakataa mambo ya makaburini aliyoyaona hayana asili katika dini. Na hapo waliochukizwa hawakuwa watu wa mbali, bali ni watu wa mji wake, wa kukutana nao kila sala. Kumlaumu mtawala mgeni ni kazi nyepesi kuliko hiyo.

Mwaka wa 1932 alitoa gazeti la pili, al-Islah, kwa Kiarabu na Kiswahili. Mwaka huohuo akafanywa Kadhi wa Mombasa. Hukumu ya haki ilihitaji mtu kama yeye, na hakuna wa kumlaumu kwa kuipokea. Lakini mtumishi wa serikali hana kalamu huru kama ya mwenye gazeti, na al-Islah haikudumu. Mwaka wa 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya.

Hakuacha kuandika, ila vitabu vilishika mahali pa magazeti: vya kusomeshea watoto, tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili, na tarehe ya ukoo wake kwa Kiarabu. Makala ya Sahifa yalikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Alifariki mwaka wa 1947, naye angali Kadhi Mkuu. Na kazi ya tafsiri ikashikwa na mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui.