Ibn al-Haytham: Bingwa wa Elimu ya Kuona

Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, ambaye Wazungu walimwita Alhazen, alizaliwa mjini Basra, Iraki, yapata mwaka 965.

Wana tarehe, Ibn al-Qifti akiwa mmoja wao, husimulia kuwa al-Hakim, Khalifa wa Kifatimi huko Misri, alipata habari kwamba yuko mtu Basra awezaye kuyatawala maji ya Mto Nile. Akamwita, akampa mafundi, nao wakapanda mto hadi kusini ya Aswan. Njiani aliona majengo ya watu wa kale, akatambua kuwa lau kazi ile ingewezekana, mabingwa wale wangalimtangulia. Akarudi, akakiri. Kisha, kwa kuiogopa hasira ya Khalifa, akajifanya mwendawazimu, akafungiwa nyumbani hadi al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Baadaye alikaa karibu na Msikiti wa al-Azhar, akila kwa jasho la kunakili vitabu vya hisabati.

Kazi yake kuu ni Kitab al-Manazir, yenye juzuu 7. Euclid na Ptolemy walishika kuwa jicho hutoa miali ikaenda kugusa vitu. Yeye alionyesha kwa majaribio kuwa nuru ndiyo itokayo kwenye kitu ikaingia jichoni. Tena akaeleza kuwa jicho peke yake halitoshi: akili hupambanua na kulinganisha na iliyokwisha kuyajua. Ndiyo maana ajuaye kusoma, akitupia jicho neno abjad, hulitambua papo hapo kwa umbo lake, bila kuzichambua herufi moja moja.

Suala hilo ndilo linalowakabili wataalamu wa kompyuta leo. Kwa kompyuta, picha ni safu za tarakimu tu. Programu hutafuta mahali mwanga unapobadilika ghafula, ikapahesabu kuwa ukingo wa kitu. Lakini kikombe kikizibwa nusu na kitabu, au ukingo ukamezwa na kivuli, mstari hukatika, na programu haina budi kuuunga kwa kukisia. Jambo ambalo mtoto hulifanya bila kujijua limewatoa jasho wahandisi kwa miaka mingi.

Ibn al-Haytham alifariki Cairo yapata mwaka 1040. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini, na mwaka 1572 kikapigwa chapa mjini Basel. Aliyeshindwa kuufunga Nile aliwafungua watu macho. Mwenyezi Mungu amrehemu.