Roosevelt na simba asiye simba

Miongoni mwa mambo ya awali anayofunzwa mwanafunzi wa isimu ni uhusiano uliopo baina ya jina na kitu. Tunamweleza kwamba jina ni makubaliano ya watu tu, na kwamba hakuna chochote katika sauti za neno simba kinachonguruma wala kuuma. Hata hivyo, jina likishazoeleka hugeuka likawa mfano wa miwani. Mtu hukitazama kitu kupitia kwalo, na aghalabu huliona jina asikione kitu chenyewe. Ningependa kulifafanua jambo hili kwa kuyasimulia maisha ya Theodore Roosevelt, Rais wa 26 wa Marekani. Walimu wa historia humtaja kwa siasa zake, nao waongoza watalii humtaja kwa safari yake ya uwindaji humu nchini. Mimi namtaja kwa ajili ya mnyama ambaye hapatikani barani kwetu.

Mnyama huyo Wamarekani wengi humwita simba wa milimani. Wengine humwita puma, neno lililotoka katika Kiquechua, lugha ya watu wa milima ya Andes. Lipo pia jina jingine ambalo asili yake ni Kitupi cha Brazili, lililopitia Kireno na Kifaransa kabla ya kuingia katika Kiingereza. Wahispania waliofika huko mwanzo walimwita simba kwa sababu ya rangi yake ya hudhurungi, ingawa hata dume lake halina manyoya marefu ya shingoni. Ukweli ni kwamba mnyama huyu si simba. Hawezi kunguruma, hukoroma kama paka wa nyumbani. Huishi na kuwinda peke yake, kimya, mara nyingi usiku. Kinasaba yu karibu zaidi na duma wetu kuliko simba. Hapa lugha imetuchezea mchezo wa kupendeza, kwani puma na duma ni maneno ya lugha mbili zisizohusiana kabisa, nayo hutofautiana kwa sauti moja tu, hali wanyama wenyewe ni wa ukoo mmoja. Kufanana kwa maneno ni sadfa. Udugu wa wanyama ni wa kweli.

Roosevelt alizaliwa mjini New York tarehe 27 Oktoba 1858, katika familia yenye mali. Utotoni aliteswa na pumu, hata usiku mwingine alilala akiwa ameketi. Alijikaza kwa mazoezi ya viungo na ndondi, na wakati huohuo akawa na shauku ya viumbe. Alikusanya ndege, akawapima, akawakausha na kuziandika habari zao daftarini. Tabia hiyo ya kupima na kuandika ndiyo iliyomfanya awe mwindaji wa namna ya pekee. Wawindaji wengi wa zama zake walirejea nyumbani na hadithi. Yeye alirejea na hadithi pamoja na vipimo.

Tarehe 14 Februari 1884, akiwa na umri wa miaka 25, alifiwa na mama yake na mkewe siku moja, katika nyumba moja, huku binti yake wa kwanza akiwa na umri wa siku mbili. Msiba huo ulimsukuma kwenda Dakota, magharibi mwa nchi, akawa mfugaji wa ng'ombe. Mifugo yake mingi iliangamia katika baridi kali ya 1886 na 1887, lakini alikuwa ameshajifunza maisha ya porini. Huko alizisikia habari za simba wa milimani kutoka kwa watu walioishi naye jirani. Walisimulia kwamba hulia usiku kwa sauti ya mwanamke anayeuawa, kwamba huwafuata wasafiri maili nyingi, na kwamba huwarukia watu kutoka matawini. Kumwona mnyama mwenyewe ilikuwa shida. Mtu angeweza kuishi miaka mingi katika milima yenye puma asione ila nyayo na mzoga uliofunikwa kwa majani. Wahenga walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama, na methali hiyo inamfaa puma kuliko simba wetu, ambaye ngurumo yake husikika mbali. Palipo na mnyama asiyeonekana, masimulizi huota kama uyoga.

Fursa ya kuyahakikisha masimulizi hayo ilimjia Januari 1901. Alikuwa ameshachaguliwa kuwa Makamu wa Rais lakini hajaapishwa. Alikwenda Colorado, karibu na mji mdogo wa Meeker, akakaa majuma matano katika theluji pamoja na mwongozaji aitwaye John Goff na kundi lake la mbwa wa kuwinda. Mbwa ndio waliokuwa siri ya uwindaji ule. Walinusa nyayo kwenye theluji, wakamfukuza puma hadi akapanda mti au akajibanza kwenye jabali, nao wawindaji wakafuata kwa farasi. Puma 14 waliuawa, 12 kati yao kwa mkono wa Roosevelt, ama kwa bunduki ama kwa kisu pale mbwa walipokuwa wamemshika. Siwezi kuusimulia uwindaji huo kana kwamba ni jambo la kufurahisha. Mnyama aliyezungukwa juu ya mti hana pa kukimbilia, na ushindi wa aina hiyo hauhitaji ushujaa mkubwa.

Lakini tutazame alilolifanya baadaye. Kila puma alipimwa urefu na uzito. Dume kubwa kuliko wote lilikuwa na urefu wa kama mita 2.4 pamoja na mkia, na uzito wa kilo 103. Roosevelt alichunguza matumbo ili ajue walikula nini, akakuta kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa kulungu. Aliona kwamba wekundu na wa kijivu huishi mahali pamoja, hivyo rangi si hoja ya kuwagawa katika jamii mbalimbali. Mafuvu aliyapeleka Washington kwa mtaalamu wa wanyama, C. Hart Merriam, na fuvu moja lilidumu kwa zaidi ya miaka 60 likiwa kubwa kuliko yote yaliyopata kupimwa na kuandikishwa. Makala aliyoyachapisha mwaka huohuo yalipunguza chumvi ya masimulizi ya wazee. Alieleza kwamba puma humkimbia mtu, na kwamba visa vya kumshambulia vipo lakini ni vichache. Kumbukumbu za zaidi ya karne moja zimemthibitisha: watu waliouawa na puma katika Amerika ya Kaskazini kwa muda wote huo ni wapatao 30 hivi.

Kiswahili kina methali isemayo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa mwanasayansi, methali hiyo ni hatari. Roosevelt aliyapima yaliyosemwa, akayakubali yaliyothibitika na kuyatupa yasiyothibitika. Alipokuwa Rais, baada ya William McKinley kuuawa Septemba 1901, hakuiacha tabia hiyo. Mwaka 1907 aliwashambulia hadharani waandishi waliotunga visa vya wanyama na kuviuza shuleni kama elimu ya kweli. Rais wa nchi kubwa alitumia muda wake kuwatetea wanafunzi wasidanganywe kuhusu mbwa mwitu na ndege. Mimi kama mwalimu namheshimu kwa hilo.

Hapo ndipo ningependa hadithi iishie, lakini haiishii hapo. Novemba 1906 alitangaza hifadhi ya wanyama katika eneo la Grand Canyon, ikiwamo nyanda za juu za Kaibab, huko Arizona. Shabaha ilikuwa kuwalinda wanyama wa kuwindwa, yaani kulungu hasa. Puma hakuhesabiwa miongoni mwao. Alihesabiwa kuwa mharibifu, pamoja na mbwa mwitu. Neno hilo moja lilitosha. Katika miaka iliyofuata waliajiriwa watu wa kuwaua, na puma waliouawa ni mamia. Mwaka 1913, akiwa ameshaacha urais, Roosevelt alikwenda mwenyewe Kaibab na vijana wake kuwinda pamoja na mwindaji mashuhuri wa huko, Jim Owens. Alipoandika habari za safari hiyo alimweleza puma kwa maneno yanayomfaa mhalifu mahakamani: mwuaji wa kunyatia, mwoga na katili. Mtu yuleyule aliyeyafungua matumbo ya puma akajua kwamba hula kulungu kama ng'ombe alavyo nyasi, sasa alimhukumu kwa kosa la kula kulungu.

Roosevelt alifariki usingizini tarehe 6 Januari 1919, hivyo hakuyaona yaliyofuata. Kulungu wa Kaibab waliongezeka kupita kiasi, wakala miche na majani yote waliyoyafikia, na katika kipupwe cha 1924 na 1925 wakafa kwa njaa kwa maelfu. Kisa hicho kiliingia katika vitabu vya shule duniani kote. Baadaye, mwaka 1970, mtaalamu mmoja alikumbusha kwamba hesabu za kulungu zilikuwa za kukisia, na kwamba kondoo na ng'ombe waliochungwa huko nao walikuwa wamepunguzwa, kwa hiyo lawama isiwekwe kwenye sababu moja. Mwaka 2006 watafiti waliochunguza umri wa miti ya huko walipata dalili kwamba miche kweli ilitafunwa vibaya katika miaka ile. Mwalimu anayekisomesha kisa hiki na auseme mjadala huo wote. Roosevelt wa mwaka 1901 angetaka hivyo.

Turejee sasa nyumbani. Tarehe 21 Aprili 1909 Roosevelt alishuka Mombasa na mwanawe Kermit, kijana wa miaka 19, wakapanda reli kuelekea Kapiti na Nairobi. Katika safari iliyoishia Khartoum mwaka 1910 wawili hao waliua wanyama 512, simba 17 wakiwamo, na ngozi nyingi zikapelekwa katika jumba la makumbusho mjini Washington. Wapagazi na washika bunduki ndio walioibeba safari hiyo, akina Juma Yohari wa Unguja na Kassitura wa Busoga. Walimwita Bwana Mkubwa, jina ambalo yeye alilisikia na kuliandika Makuba. Kermit walimwita Bwana Mdogo, kisha Bwana Maridadi. Ona jinsi wenyeji nao walivyokuwa wakiwatazama wageni na kuwapa majina.

Mwishoni mwa 1909, huko Uasin Gishu, aliwatazama wapiganaji wa Kinandi wakimzunguka simba kwa mikuki na ngao. Hapakuwa na mbwa wa kumpandisha mtini, wala bunduki. Simba alivunja duara, akamjeruhi mtu, akafa kwa mikuki. Roosevelt alilisimulia tukio hilo kwa heshima kubwa. Lakini kitabu chake cha safari hiyo kinaanza kwa kuifananisha nchi yetu na Ulaya ya zama za barafu, na kinaziona nyanda zetu za juu kuwa makao yafaayo ya walowezi wa kizungu. Watu aliowakuta aliwaita washenzi. Aliyekataa kusadiki uvumi kuhusu paka alisadiki uvumi kuhusu binadamu, maana jina lilikuwa limetangulia na miwani imeshavaliwa. Hakuipima jamii ya Wanandi kama alivyolipima fuvu la puma. Hakuwauliza juu ya sheria zao, ardhi yao wala lugha yao, ingawa wote walikuwapo mbele yake.

Kwa maoni yangu, hili ndilo somo tunalopaswa kuwapa wanafunzi wetu, na si la Marekani pekee. Jimbo la Colorado lililipa watu kwa kumwua puma hadi mwaka 1965, lilipomhamisha kutoka orodha ya waharibifu hadi orodha ya wanyama wa kuwindwa kwa kibali. Mnyama alikuwa yuleyule siku ya kuamkia uamuzi huo na siku iliyofuata; lililobadilika ni neno. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa starehe mwaka 1977, lakini ugomvi wa mfugaji na simba haukwisha. Desemba 2015 simba kadhaa wa Maasai Mara walilishwa sumu baada ya ng'ombe kuuawa. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe ana haki ya kulalamika, na anayemkejeli hajui uchungu wa mali. Ila sumu haichagui. Humwua aliyekula ng'ombe pamoja na asiyekula.

Tangu 2007, katika eneo la Amboseli, wapo vijana wa Kimaasai ambao kazi yao ni kuwafuata simba, kuzisoma nyayo zao na kuwaonya wachungaji wasipite walipo. Miongoni mwa kazi zao ni kumpa kila simba jina lake katika lugha ya Kimaasai. Kwa hivyo ng'ombe anapouawa, watu hawasemi tena kwamba simba wameua. Huuliza ni simba yupi. Swali hilo hudai ushahidi: nyayo, mahali, saa. Ni swali lilelile alilolijibu Roosevelt kwa mizani na kamba ya kupimia katika theluji ya Colorado, kisha akaacha kuliuliza. Walimu, na tuwafundishe watoto wetu kuliuliza kila wanapokutana na jina la jumla, liwe la mnyama, la kabila au la jirani.