Terman na Wale Aliowaacha

Wanachuo wenzangu, mwezi uliopita mwalimu wangu alinipa fomu ya kujiunga na chama cha watafiti wanaofuatilia maisha ya watu kwa miaka mingi. Nilikaa nayo wiki nzima bila kusaini. Aliyenizuia ni marehemu: Lewis Terman.

Terman alizaliwa mwaka 1877 katika familia ya wakulima huko Indiana, Marekani, mtoto wa 12 kati ya 14. Kifua kikuu kilimsumbua, akahamia California kufuata hali ya hewa nzuri, na baadaye akawa profesa wa saikolojia Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1916 alitoa kipimo cha akili alichokijenga juu ya kile cha Mfaransa Alfred Binet. Mwaka 1921 akaanza kutafuta watoto wenye akili kupita wenzao, awafuatilie hadi ukubwani. Akapata zaidi ya 1,500.

Hapo nampa heko. Miaka nenda miaka rudi aliwauliza habari za shule, kazi, ndoa na afya. Alipofariki mwaka 1956, wengine waliendelea. Mmoja wao, Robert Sears, alikuwa miongoni mwa watoto wale wale.

Lakini jamani, mzee huyu alishindwa kukaa pembeni. Baadhi yao aliwaandikia barua za kuwapendekeza vyuoni na kazini. Sasa utapimaje mbio za mtoto uliyemsukuma mwenyewe? Tena wengi wao walikuwa Wazungu, wa familia zenye uwezo. Kibaya zaidi, aliamini akili ni ya kurithi, akaunga mkono kufungwa kizazi kwa watu walioonekana duni kiakili.

Na kipimo chake kilimwacha nje kijana aitwaye William Shockley. Shockley huyo alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka ule ule Terman alipofariki. Luis Alvarez naye aliachwa, akaipata mwaka 1968.

Mimi nimetoka shule ya kata, na mwalimu mmoja aliwahi kuniambia nisihangaike na chuo. Terman angenihesabu? Wala!

Basi nimesaini, kwa sababu hiyo hiyo. Siku ya kuchagua nani afuatiliwe, nataka awepo mtu mezani atakayeuliza habari za waliobaki mlangoni.